Shajara ya mradi: kuandaa mwongozo wa utafiti wa mtandaoni kwa waandishi wa uchunguzi

Machi: mpangilio

Mradi huu unaandaa mwongozo wa Kiswahili wa utafiti wa mtandaoni kwa waandishi wa habari za uchunguzi na kwa wale wanaoandika vitabu vya mambo halisi, kuanzia wasifu na historia hadi sayansi inayoelezwa kwa msomaji wa kawaida. Mpango tuliokabidhiwa ulikuwa wa orodha: zana moja, maelezo yake na anwani yake, kisha zana inayofuata. Tumeuacha, na sababu inafaa kuandikwa hapa kwa kuwa ndiyo itakayoongoza sura zote.

Zana hazidumu. Mei 2018 sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilipoanza kutumika, majina na anwani za wenye tovuti yalifichwa kwa wingi katika rejista za WHOIS, na mbinu iliyokuwa ikifundishwa kwanza ikabaki nusu. Mwanzoni mwa 2024 Google iliondoa kiungo kilichomwezesha msomaji kuona nakala ya ukurasa kama injini ilivyoukuta mara ya mwisho. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Meta iliifunga CrowdTangle, ambayo vyumba vingi vya habari vilikuwa vikiitegemea kufuatilia jinsi machapisho yanavyosambaa katika Facebook na Instagram. Mwongozo uliojengwa juu ya majina ya zana huchakaa kabla wino haujakauka.

Kwa hiyo sura zitapangwa kwa maswali ambayo mwandishi hujiuliza akiwa kazini: dai hili lilianzia wapi, ukurasa huu ulisema nini kabla ya kubadilishwa, nani yuko nyuma ya kampuni hii, picha hii ilipigwa wapi na lini. Zana itatajwa pale tu inapojibu swali, na itaelezwa inafanya kazi gani hasa, ili siku ikizimwa mwandishi ajue atafute kitu cha aina gani mahali pake. Katika kila sura kutakuwa na sharti moja lisilobadilika, kwamba kila kilichopatikana kiandikwe pamoja na njia iliyokifikia, ili mtu mwingine aweze kuipita njia hiyo na kufika palepale.

Aprili: kutafuta

Sura ya kutafuta haianzi kwenye kisanduku cha kutafutia. Inaanza na swali ambalo wengi hulipita mbio: ikiwa jambo hili lilitokea kweli, ni nani aliyelazimika kuliandika, na aliliandika kwa msamiati gani? Barabara inayojengwa huacha tangazo la zabuni, mkataba, tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti ya mkaguzi na pengine kesi ya fidia. Kila karatasi katika hizo ina mwandishi wake, ofisi yake na lugha yake. Mhandisi hatumii neno ufisadi. Ataandika mabadiliko ya wigo wa kazi au ongezeko la gharama, na mkaguzi ataandika malipo yasiyo na viambatisho. Anayetafuta kwa maneno ya gazeti atapata magazeti, na hati aliyokuwa akiihitaji itabaki ukurasa wa kumi wa matokeo.

Baada ya hapo ndipo amri zinapoelezwa, na tumeamua ziwe chache. Alama za kunukuu hushikilia maneno yakae kwa mpangilio uleule. Alama ya kutoa iliyobandikwa mbele ya neno huliondoa neno hilo kwenye matokeo, jambo linalookoa muda mwingi pale mtu anayetafutwa anapokuwa na jina moja na mchezaji mashuhuri. Amri ya site: hubana utafutaji ndani ya tovuti moja au kikoa kimoja, filetype:pdf huleta hati badala ya kurasa za kawaida, na before: na after: huweka mipaka ya tarehe. Nguvu yake huonekana zinapounganishwa: maneno ya kihandisi ndani ya alama za kunukuu, kikoa cha serikali, aina ya faili na mwaka. Rasimu inatahadharisha mara mbili. Tarehe inayotumiwa na injini ni ile inayokisia kuwa ya ukurasa, ambayo huenda isiwe tarehe ya tukio wala ya kuandikwa. Na idadi ya matokeo ambayo injini huionyesha ni makadirio, kwa hiyo haifai kamwe kunukuliwa kama ushahidi kwamba jambo fulani linazungumzwa sana.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu zaidi ni ile ya mahali ambapo injini hazifiki. Rejista za kampuni, hifadhidata za mahakama na magazeti ya zamani yaliyopigwa skani huwa na visanduku vyake vya kutafutia, na yaliyomo ndani mara nyingi hayaonekani kutoka nje. Mfano tuliouchagua ni EDGAR, hifadhidata ya bure ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, ambayo maandishi yake yote kuanzia 2001 yanaweza kutafutwa neno kwa neno. Kampuni ya Kimarekani inayouza hisa kwa umma huambatanisha katika ripoti yake ya mwaka kiambatisho namba 21, ambacho huorodhesha kampuni tanzu muhimu na mahali zilikosajiliwa. Mwandishi aliye mbali kabisa na Marekani anaweza kukuta humo jina la tawi ambalo ofisi ya tawi lenyewe isingekubali kulizungumzia kwa simu.

Aprili, mwishoni: kufuata dai hadi mzizi

Sura hii inawahusu zaidi waandishi wa vitabu, kwa kuwa kosa la gazeti husahihishwa kesho yake ilhali kosa la kitabu hukaa kwenye rafu na kunukuliwa. Tulitafuta mfano ambao ungeonyesha dai likisafiri kutoka chapisho hadi chapisho bila kukaguliwa, na tukaupata kwenye spinachi. Mwaka 1981 daktari T. J. Hamblin aliandika katika British Medical Journal kwamba sifa ya spinachi ya kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa pasipo pake na watafiti wa zamani. Kisa hicho kilipendwa mno. Kiliingia katika vitabu na mihadhara, na aghalabu kilisimuliwa ili kuwaonya watu dhidi ya kurudia mambo bila kuyahakiki. Mwaka 2010 mtaalamu wa elimu ya uhalifu Mike Sutton alizifuata rejeo moja baada ya nyingine akirudi nyuma, na hakupata ushahidi wa nukta hiyo popote. Makala ya 1981 yenyewe haikuwa imetaja chanzo cha kisa hicho. Onyo dhidi ya uzembe lilikuwa limesambazwa kwa uzembe uleule.

Zoezi linaloandamana na sura hii linamtaka mwandishi achague takwimu moja kutoka makala yoyote na kuirudisha nyuma hadi kwa yule aliyeihesabu. Katika majaribio na wasomaji wa rasimu, hatua inayowashinda wengi ni ile ya kutoka kwenye ripoti kwenda kwenye ripoti nyingine inayosema jambo lilelile kwa maneno tofauti kidogo. Wao huhesabu vyanzo viwili, kumbe ni kimoja kilichovaa nguo mbili. Tumeongeza kwa hiyo kipengele kinachomtaka mwandishi achore mstari wa nani alimnukuu nani, na asihesabu chanzo cha pili mpaka apate mtu aliyekuwa na njia yake mwenyewe ya kujua.

Wikipedia imepewa aya moja tu. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ya tanbihi zake, na ni mahali pabaya pa kuishia. Mtunzi wa muziki Maurice Jarre alipofariki Machi 2009, mwanafunzi mmoja wa Dublin alipachika nukuu ya kubuni katika ukurasa wake. Wahariri wa kujitolea wa Wikipedia waliiondoa kwa kuwa haikuwa na chanzo, lakini magazeti, likiwamo The Guardian, yalikuwa yamekwisha kuichapa katika taazia.

Kuhusu kupima tovuti usiyoijua, tunategemea utafiti wa Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa 2017. Waliwaangalia wanahistoria 10, wahakiki wa ukweli 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho wakipima kurasa za mtandaoni. Wanahistoria na wanafunzi walielekea kubaki ndani ya ukurasa wakisoma kwa makini, wakivutwa na nembo, mpangilio na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walitoka upesi, wakafungua vichupo vipya na kusoma wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa huo. Walitumia muda mfupi na wakafikia uamuzi ulio sahihi zaidi. Nadhani matokeo hayo yanawaudhi wasomi kwa sababu yanawaambia kwamba usomaji wa makini, ambao ndio fahari yao, huja baada ya kujua ni nani anayesomwa.

Mei: kurasa zilizopotea

Taasisi ya Pew ilikadiria mwaka 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo 2013 hazikuweza kufikiwa tena miaka 10 baadaye. Kwa mwandishi wa kitabu kinachochukua miaka kuandikwa, maana yake ni kwamba sehemu ya tanbihi zake itakuwa imekufa kabla kitabu hakijatoka, na kwa mwandishi wa uchunguzi maana yake ni nzito zaidi, kwa kuwa kurasa anazozihitaji yeye ndizo zenye wenyewe wanaotaka zipotee.

Sura inaeleza kwa kina Wayback Machine, hazina ya nakala za kurasa za wavuti ya Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa 1996 na ambayo hazina yake ilifunguliwa kwa umma 2001. Anwani ya kila nakala hubeba tarakimu 14. Tarakimu 20190305141207 maana yake ni mwaka 2019, mwezi wa 3, tarehe 5, saa 14, dakika 12 na sekunde 7, kwa majira ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, wala si ya mahali alipo msomaji. Mwandishi aliyezoea kuhesabu saa kuanzia macheo ana hesabu mbili za kufanya kabla hajaandika kwamba ukurasa ulionekana asubuhi au jioni. Jambo jingine ambalo wengi hawalitambui ni kwamba nakala moja inaweza kuwa imeunganishwa kutokana na vipande vya nyakati mbalimbali: maandishi yakiwa ya siku moja, picha iliyo pembeni yake ikiwa imehifadhiwa miezi baadaye. Anayetaka kudai kwamba picha na maelezo yake vilionekana pamoja hana budi kukagua tarehe ya picha yenyewe.

Mfano mkuu wa sura ni wa tarehe 17 Julai 2014, siku ndege ya abiria MH17 ilipotunguliwa mashariki mwa Ukraine na watu wote 298 waliokuwamo kufa. Siku hiyohiyo ukurasa wa mtandao wa kijamii wa Kirusi wa VKontakte ulionasibishwa na Igor Girkin, kamanda wa wapiganaji waliokuwa wakiungwa mkono na Urusi, ulitangaza kwamba ndege ya mizigo aina ya An-26 imeangushwa. Chapisho liliondolewa baadaye, lakini Wayback Machine ilikuwa imekwisha kulihifadhi. Msomaji mmoja wa rasimu aliuliza kwa nini tunaandika ulionasibishwa na si wa Girkin, na swali lake limegeuka kuwa kiini cha sura. Nakala iliyohifadhiwa huthibitisha kwamba maneno fulani yalikuwapo mahali fulani wakati fulani. Haithibitishi ni nani aliyeyaandika, wala kwamba ni ya kweli, na hayo mawili hutafutiwa ushahidi wake. Girkin alitiwa hatiani na mahakama ya Uholanzi Novemba 2022 bila mwenyewe kuwapo, kwa rundo la ushahidi ambalo chapisho lile lisingeweza kulibeba peke yake.

Kutegemea hazina moja pia kumejadiliwa. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, huduma zake zikakatika kwa siku kadhaa na taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja. Mwongozo kwa hiyo unamtaka mwandishi aombe ukurasa uhifadhiwe katika hazina ya umma na wakati huohuo abaki na nakala yake mwenyewe ya faili. Kwa kila faili la namna hiyo akokotoe alama ya SHA-256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na yaliyomo ndani ya faili. Ikibadilishwa nukta moja tu, mfuatano wote unabadilika, na hivyo yeyote anaweza kuhakiki baadaye kwamba faili halijaguswa tangu liliposajiliwa. Kuhusu picha za skrini, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu: zisaidie kumbukumbu ya mwandishi, lakini zisiwe ushahidi pekee wa dai lolote lenye uzito, kwa sababu mtu yeyote mwenye kivinjari anaweza kuyabadilisha maandishi ya ukurasa kwenye skrini yake na kuupiga picha.

Juni: nani yuko nyuma ya kampuni

Rasimu ya sura hii imekamilika upesi kuliko tulivyotarajia, kwa kuwa maarifa yake yamekwisha kukomazwa na wengine. Nyaraka za Panama, zilizovuja kutoka kampuni ya mawakili ya Panama iliyowafungulia wateja kampuni za nje ya nchi zao na zilizoanza kuchapishwa tarehe 3 Aprili 2016, zilikuwa faili milioni 11.5 zenye ukubwa wa terabaiti 2.6, na zilisomwa na waandishi zaidi ya 350 wa nchi mbalimbali waliounganishwa na ICIJ, muungano wa kimataifa wa waandishi wa uchunguzi. Kabla ya uandishi kulikuwa na kazi ya kugeuza picha za karatasi kuwa maandishi yanayotafutika, na hatua hiyo isiyo na sifa imepewa sehemu yake, kwa sababu hata mwandishi wa peke yake mwenye hati mia moja zilizopigwa skani atafanya kazi maradufu asipoianza.

Hifadhidata ya umma ya ICIJ inaeleza waziwazi kwamba jina la mtu kuwamo humo si dalili ya uhalifu. Tumelirudia onyo hilo, tukaongeza la pili ambalo hatari yake ni kubwa zaidi: jina kuwamo humo halimaanishi kwamba ni mtu yuleyule. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa mtu mmoja katika hati tatu au watu watatu katika hati moja. Majina ya ukoo hutangulizwa katika nchi moja na kuwekwa mwisho katika nyingine. Sharti la mwongozo ni kuwa na angalau vitambulisho viwili visivyotegemeana zaidi ya jina. Msajili wa kampuni wa Uingereza, ambaye rejista yake ni ya bure, huonyesha mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mkurugenzi, na kidokezo hicho kidogo hutosha kutenganisha wengi.

Hata hivyo rejista ni mkusanyo wa yale ambayo watu wamejieleza. Kwa miaka mingi msajili huyo wa Uingereza alipokea fomu bila wajibu wa kuhakiki zilisema nini. Sheria ya 2023 ndiyo iliyompa mamlaka ya kuhoji, na uthibitisho wa utambulisho wa wakurugenzi umeanza kuwa wa lazima Novemba 2025. Upande wa Umoja wa Ulaya mambo yalirudi nyuma: tarehe 22 Novemba 2022 mahakama yake ya haki ilibatilisha kifungu kilichoruhusu umma wote kuona rejista za watu wanaomiliki kampuni kwa kweli, na nchi kadhaa zikafunga milango. Maneno sahihi katika makala, kwa hiyo, ni kwamba rejista ilimtaja fulani kuwa mkurugenzi tarehe fulani.

Julai: picha na video

Hii ndiyo sura ndefu kuliko zote, na baada ya majadiliano tumekubaliana isipunguzwe.

Kutafuta kwa picha kunaelezwa kwanza. Google, Bing, Yandex na TinEye hazina hazina moja wala hazilinganishi picha kwa njia moja, kwa hiyo picha hupitishwa katika zaidi ya moja, na video hukatwa kuwa fremu kadhaa ambazo kila moja hutafutwa peke yake. Kinachotafutwa ni tokeo la zamani kuliko yote. Ikiwa picha inayosemekana kuwa ya jana inaonekana katika ukurasa wa miaka mitatu iliyopita, kazi imekwisha. Lakini utafutaji usipoleta kitu, hakuna kilichothibitishwa. Picha inaweza kuwa mpya, au inaweza kuwa ya zamani ambayo haikuwahi kuingizwa katika hazina yoyote.

Metadata, yaani taarifa zilizomo ndani ya faili la picha kama mahali na wakati ilipopigwa, imepewa nafasi ndogo kwa makusudi. Desemba 2012 mahali alipojificha John McAfee, mwasisi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize, palijulikana kuwa Guatemala kwa sababu picha iliyochapishwa na jarida lililofuatana naye ilikuwa bado imebeba majiranukta ya simu iliyoipiga. Ni kisa kizuri kinachowapa wanagenzi matumaini yasiyo na msingi, kwani mitandao mikubwa ya kijamii huondoa taarifa hizo picha inapopakiwa. Kisa hicho kinafundisha zaidi juu ya kumlinda chanzo wako kuliko juu ya kumpata unayemtafuta.

Kiini cha sura ni uchunguzi wa BBC Africa Eye wa 2018 kuhusu video ya askari waliowapiga risasi wanawake wawili na watoto wawili. Video iliposambaa Julai mwaka huo, serikali ya Kamerun iliiita habari ya uongo. Tumeufuata uchunguzi huo hatua kwa hatua kwa sababu kila hatua inajibu swali moja na inaweza kurudiwa na msomaji kwenye kompyuta yake. Mahali palijulikana kwa mstari wa milima unaoonekana nyuma ya watu katika sekunde za mwanzo: ulilinganishwa na umbo la ardhi katika Google Earth, na ukalingana na milima iliyo karibu na mji wa Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kamerun. Kisha majengo, miti na njia zilizo kwenye video zililinganishwa na picha za setilaiti. Wakati ulibanwa kwa vizuizi. Majengo yaliyoonekana yaliweka mipaka ya kwanza, kati ya Novemba 2014 na Februari 2016. Njia ya miguu wanayopita askari huonekana katika picha za setilaiti wakati wa kiangazi tu, kati ya Januari na Aprili. Mwisho, kivuli cha askari mmoja kilitumika kukokotoa pembe ya jua, na hesabu ikaangukia kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Agosti 2018, kabla uchunguzi huo haujarushwa, serikali ilibadili kauli na kutangaza kwamba askari saba wamekamatwa. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja na mmoja miaka 2, na wawili wakaachiwa.

Hesabu ya kivuli imeandikwa upya mara kadhaa mpaka ikaeleweka na wasiopenda hesabu. Kivuli kikiwa na urefu sawa na kitu chenyewe, jua liko nyuzi 45 juu ya upeo wa macho. Kikiwa kirefu zaidi, jua liko chini zaidi. Mwelekeo wa kivuli ukijulikana pia, programu kama SunCalc huonyesha ni siku na saa zipi ambazo jua lingekaa hivyo mahali hapo. Mtego uliopo ni kwamba jua hupita njia ileile mara mbili kwa mwaka, likienda na likirudi, kwa hiyo hesabu huleta vipindi viwili vya tarehe badala ya kimoja. Hapo ndipo ushahidi mwingine, kama mimea iliyokauka au njia inayoonekana msimu mmoja tu, unapokata shauri, na tumesisitiza kwamba mwandishi anayeonyesha kipindi kimoja pekee bila kueleza kwa nini ametupa cha pili hajamaliza kazi.

Kuhusu setilaiti, rasimu inaeleza kwamba setilaiti za Sentinel-2, ambazo picha zake ni za bure, hurudi mahali palepale takriban kila siku tano, lakini nukta moja ya picha zake ni mita 10 kwa mita 10. Inatosha kuonyesha msitu uliofyekwa, mgodi unaopanuka au kijiji kilichoungua. Gari halionekani. Kwa mwandishi wa historia, hazina ya setilaiti za Landsat inarudi nyuma hadi 1972, kwa picha hafifu zaidi.

Agosti: akili unde

Tuliombwa sura nzima na tumeandika kurasa chache. Programu za akili unde zinasaidia kutafsiri hati ndefu kwa mara ya kwanza, kupendekeza maneno ya kutafutia ambayo mwandishi hakuyafikiria, na kuchambua rundo la karatasi ili ajue aanze na ipi. Zikiulizwa ukweli zinaweza kubuni, tena kwa lugha iliyotulia. Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ndiyo iliyozibuni, na wakili mmoja alipoiuliza kama ni za kweli, ilimjibu kwamba ni za kweli. Kanuni tuliyoiandika ni kwamba jibu la programu halisajiliwi kuwa chanzo; kinachosajiliwa ni hati ambayo mwandishi ameifungua na kuisoma kwa macho yake.

Agosti, mwishoni: daftari la utafiti na usalama

Daftari la utafiti, ambalo lilipangwa kuwa kiambatisho, limehamishiwa sura ya pili. Kila mstari wake una swali, mahali palipotafutwa, maneno na amri zilizotumika, tarehe na saa, kilichopatikana, anwani ya nakala iliyohifadhiwa, alama ya faili na kiwango cha uhakika. Mstari wa mfano, wa kampuni ya kubuni, unasomeka hivi: swali ni nani alikuwa mkurugenzi siku mkataba uliposainiwa, rejista ilifunguliwa na historia ya fomu ikasomwa yote, aliyetajwa leo aliteuliwa miezi minne baada ya mkataba, mtangulizi wake ametajwa katika fomu ya awali, bado haijathibitishwa kama mtangulizi huyo ndiye yule anayetajwa katika hotuba ya bunge. Tumesisitiza kuandika pia utafutaji ambao haukuleta kitu. Mhariri au wakili akiuliza kama mwandishi alitafuta upande wa pili, mistari mitupu ndiyo itakayomjibu.

Viwango tulivyovichukua vinatokana na Itifaki ya Berkeley ya 2020, iliyotayarishwa na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Iliandikwa kwa ajili ya wachunguzi wa uhalifu wa kimataifa, na wapo wanaoiona nzito mno kwa mwandishi wa habari. Mimi sikubaliani nao. Agosti 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata kamanda Mahmoud al-Werfalli wa Libya kwa kutegemea kwa kiasi kikubwa video zilizowekwa katika mitandao ya kijamii. Mwandishi anayehifadhi video leo hajui itahitajika na nani kesho.

Upande wa usalama, mfano ni ramani ya Strava, programu ya simu ya kurekodi mazoezi, iliyotolewa Novemba 2017 ikiunganisha njia za wakimbiaji wa dunia nzima. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia alionyesha kwamba ilikuwa imechora mipaka ya kambi za kijeshi gizani mwa jangwa. Hakuna aliyeiba siri. Taarifa zilizokuwa wazi ziliwekwa pamoja. Mwandishi naye hufanya hivyo kila siku, kwa hiyo mwongozo unamtaka ajiulize ni nani atakayedhurika kwa ramani yake kabla ya kuichapisha. Unamkumbusha pia kwamba naye anaonekana: LinkedIn inaweza kumjulisha mtu ni nani aliyetembelea wasifu wake, na seva ya tovuti husajili anwani ya kila kompyuta inayoingia. Kutumia nywila ya mtu mwingine, hata ikiwa imevuja na iko wazi mbele ya kila mtu, kumepigwa marufuku moja kwa moja katika mwongozo huu.

Septemba: yaliyobaki

Sura za kutafuta, kurasa zilizopotea, kampuni, na picha zimepita kwa wasomaji wa kwanza na ziko kwa mhariri. Sura ya kumbukumbu za mahakama bado ina pengo, kwa kuwa taratibu zake hutofautiana kutoka nchi hadi nchi kiasi cha kutoandikika kwa pamoja. Pendekezo lililopo ni kufundisha jinsi ya kusoma namba ya kesi na mwenendo wa shauri, na kuyaacha mengine. Mazoezi ya kivuli yanahitaji picha ambazo waliomo wameridhia zitumike, na mpiga picha ameshapatikana. Viungo vyote vya rasimu vimeombewa nakala katika hazina mbili tofauti, na vile ambavyo hazina moja ilivikataa vimeorodheshwa pembeni ili vitafutiwe chanzo mbadala kabla ya kurasa kupangwa.